Sura ya Mama Unayodhani Umeisahau

Kamina, tarehe 6 Juni 2025

Mpendwa Yaya Dorothée, dada yangu mkubwa,

Hapana, Yaya, hukumsahau mama. Ulilia kwamba ukifumba macho huuoni uso wake, na simu ikakatika kabla sijakujibu, na tangu Jumapili nakujibu peke yangu jikoni. Lakini kwanza, magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Lubumbashi? Sisi ni wazima. Ndoa yangu ina wiki saba, na bado nikisikia baiskeli ya Abdias mlangoni moyo unaruka!

Wiki iliyopita kazi ya reli ilimpeleka Luena siku tano. Aliporudi nikamwuliza kama huko, akifumba macho, aliona uso wangu.

"Sionaka kitu, chérie. Iko giza tu."

"Njo vile unanipenda?" Yaani ndivyo anavyonipenda? Nikalia, Yaya, kama mtoto.

Akafungua mfuko wake. Alikuwa ameniletea yadi mbili za kitenge kilekile cha harusi yetu, ambacho hakikunitosha. Mimi nakiona kitenge hicho waziwazi kichwani, na bado nilipotafuta cha kuongezea sokoni hapa, nilinunua kisichofanana nacho hata kidogo. Yeye asiyeona picha alikibeba kichwani kwa maneno tu: ndege wanne, shingo zimepinda kushoto, ukingo wa kahawia.

"Macho yako inadanganyaka, bibi," akanicheka.

Mwalimu Timothée, anayefundisha biolojia, anasema watu hawafanani. Kuna sehemu nyuma ya ubongo inayoshughulikia kuona. Kwa wengi huchangamka hata wakikumbuka tu, kana kwamba wanatazama. Kwa wengine picha haiji, wala si ugonjwa. Wataalamu bado wanachunguza kwa nini. Sasa namwuliza kila mtu! Mama Agar wa kwaya yetu anaona embe mpaka mate yanamjaa. Binti yake haoni chochote.

Nadhani wewe na Abdias mko sawa. Kwenye simu ulinieleza jinsi mama alivyokohoa kabla ya kuomba, na jinsi alivyofunga chumvi kwenye ncha ya kitenge chake. Sikuyajua hayo. Nilikuwa na miaka minne alipofariki, na hakuna hata picha yake moja ya kamera iliyobaki. Ninao uso wake tu, uko kimya, na pengine nao unanidanganya.

Msalimie shemeji Amédée, na umbusu mwanenu Mira kwa niaba yangu. Bwana ailinde nyumba yenu na kila anayeingia humo.

Usilie tena. Kabla mwezi huu haujaisha tutafika, mimi na mume wangu. Nitakueleza uso wa mama ulivyokuwa, nawe uniambie alikuwa akisema nini.

Mdogo wako akupendaye mno,
Noémie