Niliacha Ngoma, Sasa Nafundisha Yoga

Kinoru, Meru

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Natumai barua hii imekukuta ukiwa na nguvu, na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Baba anaendeleaje na macho yake? Mvua imenyesha? Mimi ni mzima, na safari hii neno hilo silisemi kukutuliza tu.

Najua dada Kache alikwambia kwamba niliumia goti. Unakumbuka nilikuja huku kuwafundisha wanafunzi ngoma zetu za Pwani, baada ya Kagendo, rafiki yangu niliyecheza naye hotelini Malindi, kunitafutia kazi hiyo kwao. Tulikuwa tumepeleka wasichana Embu kwenye mashindano ya shule. Kabla hawajaitwa jukwaani, nikawa nawaonyesha hatua ya mwisho. Niliruka, nikatua vibaya, goti likalia kama ukuni mkavu ukivunjwa. Daktari alilibonyeza huku na huku, akasema, "Kutembea utatembea. Kuruka, sahau."

Mama, nililia kuliko nilivyolia bibi alipofariki. Tangu utotoni watu wamenijua kwa kucheza tu. Nilikaa kwa Kagendo nikimenya viazi na kuchambua maharagwe, nikijiuliza nikirudi nyumbani nitakuwa nani.

Aliyeniinua ni Bi. Nalini, mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini. Nilikwenda kununua uzi, akaniona nikichechemea. Akaweka mkasi chini.

"Wewe, kaa hapa. Nyoosha mguu. Polepole, hii si mashindano."

Ndivyo nilivyoanza yoga. Ni mazoezi ya kujinyoosha, kusimama kwa utulivu na kuvuta pumzi taratibu. Nilidhani ni mambo ya wazee, lakini siku ya kwanza mapaja yalinitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Kila asubuhi nilikuwa mlangoni kwake kabla hajafungua duka, na goti likaanza kunitii. Mwishowe yeye mwenyewe alinipeleka Nairobi kwa mwalimu wake, nikasoma mpaka nikahitimu.

Niliporudi, kanisa la hapa Kinoru lilinipa ukumbi wake wakati wa jioni. Wakaja kina mama na leso zao za kutandika chini, wengi wakiwa na migongo iliyochoshwa na kuchuma chai na kubeba kuni. Tulikuwa tukicheka sana. Kisha maneno yakaanza kuzunguka, ati nawafundisha watu kuabudu miungu ya Wahindi. Jumanne moja nilikuta ukumbi umefungwa kwa kufuli, na Mzee Mwirigi, mzee wa kanisa, amesimama mlangoni. Kina mama walikuwa wamekusanyika.

"Sisi hapa ni Wakristo," akaniambia. "Hiyo dini yako rudisha Mombasa."

Nilijua maneno hayo yakishika, hakuna mtu Meru nzima atakayenipa hata kona ya darasa. Nikamjibu, "Mzee, mimi pia nimebatizwa. Ingia ukae utazame. Ukisikia naomba kwa mungu mwingine, nitaondoka mwenyewe."

Alikuwa akitikisa kichwa wakati mkewe, Mama Kendi, aliposogea mbele. Ni mwanamke asiyependa kusema mbele za watu.

"Baba Kendi, si unajua vile nilikuwa naamka? Ulikuwa unanivuta mkono ndio nitoke kitandani. Saa hii naamka mwenyewe, naenda shamba. Kama hiyo ni dhambi, utanionyesha iko wapi. Lakini fungua kwanza."

Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

Alikaa nyuma kwenye kiti, kofia juu ya magoti, masikio wazi. Nilifundisha kama siku zote. Tulipofika mwisho, kina mama wakalala chali na kufumba macho, nikawaambia wasikilize pumzi zao tu. Ukumbi ukatulia. Ndipo nikasikia mkoromo. Kofia ilikuwa imeanguka sakafuni, na Mzee Mwirigi amelala kama mtoto aliyeshiba uji. Mama Kendi alicheka hadi akashika mbavu.

Mzee alizinduka, akaokota kofia, akaipangusa.

"Hakuna maombi yoyote hapa," akasema. "Ni watu wamechoka, wanapumzika." Akanikabidhi ufunguo. "Kaa nao. Mimi nisiwe wa kukufungulia kila siku."

Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu Embu.

Jana nilikuwa sokoni nikinunua ndizi, nikasikia mtu nyuma akiita, "Mwalimu! Mwalimu!" Nikageuka kumtafuta huyo mwalimu. Nilipoona kila mtu ananitazama mimi, nikaitika, ndizi zangu mkononi.

Nisalimie baba, na umwambie asikae juani bila kofia. Msalimie dada Kache na mumewe, na shangazi Dama aliyenifunga njuga za kwanza miguuni. Ukija kunitembelea, njoo na sweta nzito.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Sidi