Siku Tuliyomkubalia Mama

Nyumba za Walimu, Jengo la Tatu,
Chengdu.
25 Februari 2018

Wifi yangu mpendwa Yuqin,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa kaka yako Kaiwen. Hujambo wewe, na mumeo hajambo? Na yule binti mdogo, kikohozi kimemwacha? Mpe maji ya peasi zilizochemshwa na sukari mawe, hata akikunja uso. Sisi ni wazima wa mwili. Baridi ni ile ile unayoikumbuka. Nyinyi huko Urumqi theluji inawafika magotini lakini ndani mna mabomba ya kupasha joto na mnatembea na fulana, sisi huku hatuna theluji ila navaa koti nikikaanga mayai.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu iko mfukoni. Nimejaribu kukupigia mara mbili, na mara zote mbili nilikata kabla hujapokea. Haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema Kaiwen akiwa chumba cha pili, na nyumba yetu unaijua, mtu akipiga chafya jikoni anaombewa afya chumbani.

Shule ilifungwa tarehe thelathini na moja Januari. Tulikuwa hoi. Mimi nilisahihisha insha za madarasa matatu, Kaiwen alisahihisha hesabu mpaka macho yakawa mekundu. Jioni ile Mama alipiga simu kutoka Neijiang. Unajua mwenyewe kwamba kila mwaka shule ikifungwa Mama huja kwetu na nyama yake na viungo vyake, tunatengeneza soseji pamoja, tunazitundika roshani, kisha anakaa mpaka mwaka mpya upite. Miaka kumi na miwili ya ndoa yangu, hajakosa hata mmoja.

Kaiwen aliiweka simu mezani, akaifungulia spika ili sote tusikie. Nami nilikuwa namenya vitunguu saumu.

"Mwaka huu sidhani kama nitakuja," Mama alisema. "Mmechoka nyinyi. Nitakuja kuwasumbua tu."

Kaiwen alinitazama. Wifi, alinitazama akingoja mimi niseme lile ambalo mke wa mtu husema: Mama, unasema nini, bila wewe hatuna mwaka mpya, njoo kesho. Hata mtoto wa chekechea wa kwetu anajua kwamba "sitaki" ya kwanza si jibu, na ya pili pia si jibu. Mgeni akikataa chai unammiminia. Mimi niliinamia vitunguu vyangu nikajitia sisikii.

"Basi Mama, pumzika," kaka yako akasema. "Sisi tutakuja kukuona siku ya pili ya mwaka mpya."

Kisha Mama akasema, "Vizuri. Vizuri sana. Huko ni baridi?" Wakazungumza habari za baridi, wakaagana.

Nitakuambia ukweli kwa sababu nikiuficha hapa sina pengine pa kuusema: nilifurahi. Mama anaamka saa kumi na moja na kuanza kugonga visufuria. Anafua upya nguo nilizokwisha kufua. Ananiambia mkono wangu mzito kwenye chumvi, kwamba nikikata tangawizi ni kama napasua kuni, kwamba mwalimu wa lugha gani huyu asiyejua kumwita mume wake mezani. Nampenda, lakini nilitaka likizo moja tu ya kulala mpaka saa tatu.

Na tulilala, Wifi. Siku tisa zile zilikuwa tamu, sikufichi. Tulikuwa tunaamka jua limeshakuwa juu, kama lipo, tunashuka kula tambi za pilipili pale kona kwa mama yule mwenye mdomo. ("Mwalimu, umenenepa!" aliniambia mbele ya watu wote. "Au ni koti?") Mchana tunakwenda bustanini kunywa chai, Kaiwen anasafishwa masikio na fundi wa pale huku amefumba macho kama paka, mimi nasoma kitabu ambacho sitakisahihisha. Tarehe saba jua lilitoka kweli kweli, na wewe unajua jua likitoka Chengdu watu huacha kazi. Mji mzima ulihamia kwenye nyasi. Tulilala pale tumeshikana mikono kama vijana wa chuo, na kikongwe mmoja akatupitia akacheka, "Hawa nao hawana watoto wa kuwalea?" Tulicheka pia. Siku nyingine neno hilo hunichoma, siku ile halikuniuma.

Soseji tulinunua dukani zikiwa tayari. Nikaona nimekuwa mjanja, nikamtumia Mama kifurushi ili naye asihangaike. Laiti mtu angenishika mkono siku ile.

Tarehe tisa ndiyo ilikuwa sikukuu ya kufagia nyumba. Kaiwen akapiga simu kumjulia Mama hali, akapokea Bi Luo, yule jirani wa mlango wa pili mwenye sauti ya kuuzia samaki. Mama alikuwa amekwenda sokoni.

"Aa, ni nyinyi!" Bi Luo alisema. "Mmemkumbuka leo? Nyinyi wasomi mna moyo wa namna gani? Mwenzangu nyama alikwishaikata, kilo kumi na tano, ameitia viungo kwenye ndoo. Tiketi ya treni alikwishakata! Amekaa na begi lake hapo mlangoni, anapiga simu ili aambiwe tu njoo. Akakata simu, akaniambia, watoto wamechoka. Tiketi nikaenda kumrudishia mimi. Soseji tukajaza wawili hapa, nami sijui hata kufunga fundo. Halafu kikaja kifurushi chenu cha dukani. Unajua alisema nini? Alisema, wamefanya vizuri."

Kaiwen aliweka simu chini akabaki anaitazama. Sikuwahi kumwona kaka yako akilia mpaka siku ile, nawe ndiye uliyekua naye, labda ulimwona. Alisema, "Nilikungoja useme." Basi. Hakusema zaidi, na tangu siku hiyo hajalirudia, lakini nalisikia kila nikimenya kitunguu.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye treni. Njia nzima nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa, Wifi. Nilijua akishaanza na tangawizi yangu na chumvi yangu, mambo yatakuwa yamekwisha.

Mama alifungua mlango akatabasamu. Akatutolea ndara mpya, zingali na karatasi ya dukani. "Karibuni, karibuni, poleni na safari," akasema. Chai alininyooshea kwa mikono miwili, kama anavyompa mkuu wa mtaa. Nilipokwenda jikoni kuchukua kisu alikiondoa mkononi mwangu taratibu. "Kaa, Mwalimu Peizhen. Wewe ni mgeni."

Mwalimu Peizhen! Yeye aliyezoea kuniita "wewe, mvivu" kutoka roshani hadi watu wa chini wakajua jina langu ni Mvivu.

Siku tano nzima alikuwa hivyo. Asante hapa, samahani pale. Nikifagia ananishukuru. Niliamka saa tano asubuhi siku moja kwa makusudi, nikamkuta ameniwekea uji juu ya maji moto usipoe. "Umelala vizuri?" akauliza. Kaiwen alimwomba turudi naye Chengdu, akakataa. Akamwomba mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne nilimwomba mimi, nimemshika mkono. "Hapana, wanangu, mwaka huu hapa pananitosha," akasema kwa upole ule ule wa kwenye simu, na mimi sikuweza kujua kama ni kweli au tumwombe mara ya tano. Tulishapoteza haki ya kujua.

Mkesha wa mwaka mpya nilimsihi aniache nipike supu tu. Akaniachia kwa heshima. Basi nikafanya jambo la kitoto: nilitia chumvi vijiko viwili vizima juu ya ile niliyokuwa nimeshatia. Nilisema moyoni, hapa sasa atalipuka. Kaiwen alionja, akakohoa, akanitazama kama nimerukwa na akili. Mama alikunywa kijiko cha kwanza. Akanywa cha pili. Akainua bakuli akamaliza yote, akapangusa mdomo.

"Tamu," akasema. "Asante kwa kazi."

Nilikwenda jikoni nikalia kwenye aproni yake.

Ningemwambia pale pale: Mama, ile simu niliisikia, ni mimi niliyetaka usije, si mwanao. Nilikuwa na siku za kutosha kumwambia. Kila nikifungua mdomo alinipa chungwa lililomenywa. Tulipoondoka alitufungia soseji zake zote walizojaza na Bi Luo, hakubakiza hata moja kwenye mti wa kutundikia. Hakusema tuzichemshe muda gani, hakusema tusizikate zingali moto. Tumezitundika roshani na hatujazila. Shule inafunguliwa Jumatano, nitarudi kuwafundisha watoto wa watu kuandika insha kuhusu wazazi wao.

Sasa sababu ya barua. Siku ya tatu ya mwaka Mama alituambia kwamba ulipiga simu kuhusu kutimiza kwake miaka sabini mwezi wa tano. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza. Alisema, "Yuqin alitaka kuja, nikamwambia asije. Njia siku nzima, watoto wana shule, ya nini? Akasema sawa, ataona." Kisha akakikunjua kile kitambaa na kukikunja upya. Chumba ulichokuwa unalala wewe amekipaka chokaa. Nilimwuliza kwa nini, akasema ukuta ulikuwa na unyevu. Nilipapasa ukuta wa chumba chake mwenyewe, ndio wenye unyevu, na haujaguswa.

Sikuandikii kukulaumu, mimi wa kumlaumu mtu ni nani? Na usimwambie kwamba nimekuambia. Mimi nilishasikia sauti ile mara moja nikaipokea kama ilivyokuja, na sasa nashukuriwa kwa supu ya chumvi. Akikupigia tena kukuambia usije, usimkubalie, wala usibishane naye, maana katika kubishana atakushinda. Kata tiketi, Yuqin. Njoo na watoto, mpige hodi, umwache akugombeze kwa kuja bila kusikia. Nami nitakuwa nimesimama nyuma yako, labda neno moja litanifikia.

Msalimie mumeo, na mabusu kwa binti zako wote wawili. Bi Luo anakusalimu na anasema mume wako ana deni la kumfundisha kuchinja kondoo. Kaiwen anakukumbuka sana ingawa hajui kuandika ila namba. Mwaka huu mpya uwakute na afya na uwakinge na kila baya, na barabara ya kuja huku iwe nyepesi.

Ni mimi wifi yako ninayekupenda na niliyekosa,

Peizhen