Nani Atashika Spana ya Juu

Baba Achieng',

Gari lako sasa linawaka kwa ufunguo, halisukumwi tena. Nimeanza na hilo kwa maana najua hata huko uliko ungeuliza gari kwanza, halafu watoto, halafu mimi.

Tangu tukuzike nyumbani Pap Onditi, stata ilikataa kabisa. Kila asubuhi niliomba vijana wa ploti wanisukume, mimi kwenye usukani, sufuria za chapati na maharagwe zikigongana nyuma, hadi liwake nifike mjengoni kabla wafanyakazi hawajanuna. Mtaa wote wa Nyalenda ulinicheka. Habari zikamfikia ndugu yako Ochieng', akapiga simu akasema gari la kusukumwa halimfai mama aliye peke yake, na kwamba Jumamosi atakuja na kamba alivute hadi nyumbani. Hakusema kwa ubaya. Lakini sote tunajua gari likishavutwa hadi nyumbani linageuka nyumba ya kuku, na mimi sina njia nyingine ya kufikisha chakula kule. Watoto wanasoma kwa hizo chapati.

Stata nyingine nilipata. Kazi ilikuwa kuitoa ya zamani. Fundi mmoja alikuja, akaangalia bolti zilivyoshikwa na kutu, akasema atazikata kwa gesi. Nikamshukuru, nikamfungulia geti aondoke. Nilijua zinafunguka kwa sababu tulishawahi kuzifungua, mimi na wewe, pale pale uani.

Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya. Wewe juu, umeinamia injini, mimi chini kwa mgongo juu ya gunia, kwa kuwa kitambi chako hakingepita na mkono wangu mwembamba ulifika kwenye nati. Ulikuwa unasema, "Nyar Muhoroni, shikilia hapo, usiachilie." Basi binti wa Muhoroni anashikilia, mchanga unamwingia machoni, na wewe unazungusha huku unapiga mluzi. Ikifunguka unasema, "Imekubali," kana kwamba ulikuwa kazini peke yako. Ule mluzi uliniudhi sana. Sasa naukosa.

Ijumaa nilivaa viatu vyako na ovaroli yako. Sijaifua bado, usinicheke. Bolti ya kwanza niliifanyia ulivyokuwa unafanya: nilikuwa nimeimwagia mafuta ya taa tangu jana yake, nikaigonga kichwani kwa nyundo pole pole, nikaikaza kidogo kwanza ndipo nikaifungua. Ikalia, ikaachia. Nikajiona fundi.

Ya pili ikaninyoosha. Nikizungusha nati huku chini, bolti nayo inazunguka kule juu, zote mbili bure. Nikipanda juu kuishika bolti, huku chini hakuna mtu. Nikafunga spana ya juu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ikateleza. Nikaikingia kipande cha mbao, kikaanguka. Nikarudi chini, nikalala kwenye gunia na spana kifuani, nikalia. Si kwa sababu ya bolti. Kazi ilitaka watu wawili, na mimi nilikuwa mmoja.

Hapo ndipo Mama Awino wa kanisani akaingia, ametoka maombi na sare yake nyeupe. Akaona viatu vyako na miguu ya ovaroli yako imetokeza chini ya gari, akasikia kilio. Si unajua kwetu wajane wa zamani walivaa koti la mume wakiomboleza? Mama Awino akadhani ni mambo hayo. Hakuuliza kitu. Alivuta dumu la maji, akalikalia, akaanza kuimba taratibu ule wimbo tuliokuimbia kwenye matanga. Nikamwacha amalize ubeti mmoja, kwa sababu hakuwa amekosea sana.

Halafu nikamwambia kutoka huko chini, "Mama Awino, shika hiyo spana hapo juu, usiachilie."

"Mimi? Na hii sare?"

Lakini alishika, na huyo mama ana mkono uliosonga ugali wa harambee nyingi. Bolti ikatulia. Nikavuta spana yangu kwa nguvu zote. Miaka yote na hilo gari mimi nilishikilia na wewe ukazungusha, na sasa nilikuwa nazungusha mimi, kutoka mahali pale pale nilipolala siku zote. Nati ikageuka. "Imekubali," nikasema.

Kule juu Mama Awino akajibu, "Amina."

Jumamosi Ochieng' akaja na kamba yake begani. Nikampa ufunguo tu. Likawaka mara moja. Akalizima, akaliwasha tena, akaniangalia macho yamejaa maji. "Shemeji, kumbe ni wewe ulikuwa unatengeneza hii gari?" Nikamwambia tulikuwa wawili. Tukapeleka chakula pamoja, sufuria ya maharagwe mapajani mwake, na jioni akarudi kwake. Kamba aliniachia, naanikia nguo.

Mwezi ujao ni ibada ya kukukumbuka, na nakuahidi nitakuja mwenyewe nikiliendesha, watoto nyuma. Pale kona ya mwisho kabla ya nyumbani ndipo ulipokuwa unapiga honi mara moja, mama yako anaweka chai motoni. Nilimpigia simu kumwambia gari litakuja lakini sitapiga honi, nisimshtue akadhani ni wewe.

Akasema, "Piga tu, nyathina. Mtoto wangu, piga. Nitaweka chai."

Kwa hiyo nitapiga. Pumzika, Baba Achieng'.

Mimi wako,
Nyar Muhoroni