Neema Amerudishiwa Kiti Chake

Tunduma, Jumanne

Mama, shikamoo. Vumbi la malori limetujaa mpaka kwenye nywele, lakini leo hata silioni.

Jana nilimsindikiza mdogo wangu Neema kwenye usuluhishi wa kazi. Mmiliki mpya wa gesti anakofanya kazi alimtoa mapokezi akampeleka stoo, eti mguu wake mbovu unakimbiza wageni. Mimi nilimsihi avumilie, nikiogopa asije akafukuzwa kabisa. Akakataa, akapeleka malalamiko mwenyewe.

Msuluhishi alimuuliza bosi, "Kuna kazi yoyote ya mapokezi iliyomshinda?"

"Hakuna. Ila wageni wanapenda kupokelewa na mtu aliyekamilika."

Neema akainuka na gongo lake. "Bosi, wageni nawaandikisha kwa mkono, si kwa mguu. Na sheria ya kazi inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Siombi huruma, nataka kiti changu."

Msuluhishi akamthibitishia bosi kwamba sheria ndivyo isemavyo. Bosi akavuta karatasi, akasaini kwamba anamrudisha mapokezi.

Asubuhi hii nimemkuta mapokezi. Dereva wa Kizambia alimsalimia, "Mwashibukeni, mukwai," naye akamwitikia kwa Kibemba huku akimwandikia chumba, kama vile hakuwahi kuondoka pale.

Mchana tumekula chikanda cha Kizambia, kile cha karanga na mizizi ya porini, chenye pilipili. Nilimwomba radhi kwa kumwambia avumilie. Akacheka, akanimegea kipande kikubwa.

Mama, umezaa mtu. Waambie wote hapo Isongole, na baba umwambie wa kwanza. Mungu awape afya.

Mwanao,
Tusekile