Niliunga Mkono Bila Kusoma

Shangazi mshauri, shikamoo, niokoe maana siku hizi nyumbani kwangu nakula nikiwa nimeinamia sahani. Mimi ni mhadhiri wa hesabu na mjumbe wa kamati ya sera za taaluma hapa chuoni, na kwetu makabrasha hugawiwa kikao kikishaanza, kwa hiyo husomi, unafunua kurasa tu, na mwezi uliopita mwenyekiti akaleta pendekezo kwamba atakayefeli somo lilelile mara mbili aondolewe chuoni, kuanzia muhula huu, hata aliye mwaka wa mwisho, akauliza nani anaunga mkono, watu kimya, chai inapoa, nami nikanyoosha mkono ili tumalize. Basi kati ya wa kwanza kuondolewa yumo binti wa marehemu dada yangu, ninayemlea mwenyewe, aliyebakiza muhula mmoja, na mara hiyo ya pili alifanya mtihani akiwa na homa. Amekuja na barua mkononi, macho mekundu, akaniuliza, "Mjomba, hivi hao waliopitisha hili wana watoto kweli?" Nikamjibu, "Hata mimi nashangaa." Muhtasari wa kikao unathibitishwa Alhamisi, ningeweza kusema neno, lakini mwenyekiti ndiye anayependekeza nipandishwe cheo, na wajumbe watasema natetea ndugu. Nifanyeje?

Mjomba Mwenye Aibu

Marahaba. Pole, ingawa pole yangu kubwa ni ya huyo binti. Eti unashangaa! Unashangaa nini, na mkono ni wako? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: angeondolewa mtoto wa jirani, ungeniandikia?

Watasema unatetea ndugu, na ni kweli. Kwa hiyo usimwombee yeye peke yake. Alhamisi, kabla muhtasari haujathibitishwa, sema uliunga mkono jambo ambalo hukulisoma, sema mpwa wako yumo, kisha omba kanuni iwahusu watakaoingia mwakani, ili wapone wote walioondolewa. Cheo kikichelewa, kichelewe. Wanaweza kukukatalia; mimi sikuahidi kitu.

Ila binti usimsubirishe hadi Alhamisi. Jina la aliyeunga mkono huandikwa kwenye muhtasari, na Alhamisi wajumbe wote watagawiwa nakala; habari zitamfikia. Mwambie leo, kwa kinywa chako, kwamba aliyeunga mkono ni wewe, halafu nyamaza umsikilize. Usimweleze habari za chai. Na akiacha kukuita Mjomba, hilo nalo umelipitisha wewe.