Kila Kurasa Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Neno lilelile tena! Sura ya tisa peke yake, mara kumi na nne. Nimezihesabu kwa penseli. Huyu mwandishi wa Kiingereza ninayemtafsiri ana neno moja tu, "care", na kalitwisha kazi zote, kama sufuria ya mwanafunzi wa bweni: humo chai, humo uji, humo soksi. Binti anamuuguza baba yake — neno hilo. Mzee anasema wampeleke popote, hajali — hilo. Daktari anaonya wawe na hadhari na zile ngazi — hilohilo. Binti halali kwa wasiwasi. Hilo! Mimi kwa Kiswahili ninayo sita, na hakuna linalokubali kukalia kiti cha mwenzake.

Mhariri kapiga simu. Eti nichague moja nimalize, riwaya inasubiriwa mwisho wa mwezi. Nichague moja! Kama nyanya sokoni.

Jaji wangu ni Mama. Tangu kiharusi hasemi, upande wa kulia umelala, ila mkono wa kushoto uko macho. Namsomea sentensi huku nimemshika. Akibana mara moja, vema. Mara mbili, kosa. Miaka thelathini na moja ya kusahihisha madaftari ya watoto wa watu haijamtoka mwilini. Leo nimesoma "akamtunza baba yake" — kosa. "Akamuuguza" — vema. Nikacheka peke yangu. Naye kona ya mdomo ikapanda kidogo, nimeiona.

Muuguzi anayekuja Jumatatu na Alhamisi kasema nimgeuze Mama kila saa mbili. Saa ya ukutani betri imekufa, na simu naizima Mhariri asinitafute. Kwa hiyo nimejipangia: kila kurasa tatu nikizimaliza, nainuka, namgeuza. Kurasa tatu ni saa mbili, sijawahi kukosea. Hata Kaka nilimweleza, akaguna tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimechoka, lakini uchovu mzuri. Siku nzima kwenye aya moja. Yule binti anamfokea baba yake: na mimi je, nani ananiangalia? Neno hilohilo, na safari hii lina njaa ndani yake. "Nani ananijali" — baridi. "Nani ananitunza" — utadhani yeye ni mche wa maua. Nilikaa baada ya chai ya asubuhi, nilipoinua kichwa jua lilikuwa limeshahamia dirisha la jikoni. Ukurasa mmoja na nusu! Lakini umekaa sawasawa.

Mama leo alikuwa mkali, maskini ya Mungu. Kila nilichosoma, kosa. Nikabadilisha, kosa. Kosa, kosa! Sentensi moja nimeigeuza mara nane. Mwishoni akawa anabana tu hata kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia, Mwalimu, nihurumie, utanifelisha darasa la nne mara ya pili.

Alhamisi, 6 Machi

Muuguzi kamfunua Mama ili ambadilishe, akainama karibu. Akaniita. Nyonga ya kulia, ngozi imechubuka, nyekundu, ukubwa wa kifuniko cha soda, na katikati mbichi.

Akauliza, dada, jana alilala upande huu muda gani?

Nikaanza kumweleza habari za kurasa. Kwamba kurasa tatu ni saa mbili. Kwamba jana... Nikajisikia mwenyewe ninavyosema. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tangu asubuhi hadi jua la jikoni. Upande mmoja.

Na alikuwa ananiambia! Kule kubana kote mara mbili-mbili. Mimi nafuta, naandika upya, namtania. Mama anaumia, mimi napanga maneno.

Ijumaa, 7 Machi

Simu nimeiwasha, kengele yake inalia kila saa mbili. Namgeuza. Hapo tu ndipo mikono yangu inajua cha kufanya.

Asubuhi nimemuuliza: Mama, bado panauma? Mara moja. Juzi ulikuwa unaniambia? Mara moja. Nimeenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Muuguzi kamwambia Kaka. Kaka kapiga simu, sauti ya upole ile ya msibani. Mdogo wangu, hakuna anayekulaumu. Kesho anakuja na gari, godoro litawekwa nyuma. Kwake yupo wifi, wapo mabinti wawili wakubwa, mtu hakosekani chumbani. Nikasema ngoja kwanza. Akauliza ningoje nini? Nikakosa jibu. Kweli, nilikosa! Mtu wa maneno sita.

Nimefungua sura ya mwisho, nione tu neno hilo linaishaje. Yule binti anamwacha baba yake mikononi mwa shangazi, anashuka ngazi peke yake. Na mwandishi kaweka palepale neno lake lilelile. Kumwacha nako kumo humo? Kwetu sina la kuweka hapo. Nimekifunga kitabu.

Jumamosi, 8 Machi

Kaka kafika mapema. Kakumbatia Mama muda mrefu, kanikumbatia mimi kidogo. Sasa wako nje na Muuguzi, ambaye leo kaja kwa ajili ya safari tu, wanatandika godoro garini, nasikia wakibishana kichwa kikae mbele au nyuma. Nguo zake zimeenea kwenye begi moja. Miwani nimeitia. Kalamu yake nyekundu pia, sijui ya nini.

Nilitaka aulizwe. Hakuna aliyemuuliza, si Kaka, si mimi. Nikafunga mlango, nikakaa kitandani, nikampa mkono. Nikamwambia leo sisomi kitu, Mama. Nakuuliza wewe. Unataka kwenda kwa Kaka?

Akabana. Mara moja.

Nikangoja ya pili. Nimeapa kwamba sitaihesabu isiyokuwepo. Nikauliza, ni kwa sababu ya kidonda? Hajajibu. Kwa sababu yangu? Unaona nimechoka, ndiyo unaondoka? Hajajibu, ananitazama kama anavyotazama daftari la mtoto ambaye hakulala.

Ile ya kwanza hajaiachia bado. Kabana vilevile, vidole vimekuwa vyeupe. Sijui hiyo inahesabiwaje, hatukupatana. Naandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinaanguka, maana wa kulia anao yeye. Kaka anagonga mlango, anauliza kama tuko tayari. Ya pili haijaja, na ya kwanza bado haijaisha.