Baragumu Langu Mwenyewe

Jumapili, 4 Januari
Nguo nimeanika. Mwanangu Shamsa kalala. Wifi yangu Wadha kanikalisha tena kunifunza mahojiano ya Jumatano. Kazi ya ulezi, chekechea hapa Ibra, na mwanao unakwenda naye. Naitaka sana.

"Sema unaloliweza," kasema. Nikacheka. Akanambia Waingereza husema mtu apulize baragumu lake mwenyewe. Zamani mkubwa akipita, mtumishi humtangulia akipuliza, watu wajue nani anakuja. Asiye na mtumishi hujipulizia.

"Na wewe, wifi yangu, mtumishi huna."

Jumatatu, 5 Januari
Nimepuliza. Nimesema kwa sauti: mwanangu ana miezi minane, hajapata homa hata siku moja, kwa ulezi wangu. Wadha kapiga makofi. Mashallah sikuisema, nilijisahau kwa furaha.

Mamkwe kasikia toka jikoni. Hakugomba. Kaja, kampaka Shamsa wanja wa kukinga jicho kwenye paji la uso, karudi kwenye sufuria zake. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumanne, 6 Januari
Homa. Anawaka. Nimemtia jicho mwanangu mwenyewe. Mama gani mie.

Jumatano, 7 Januari
Mahojiano sikwenda. Mume wangu Salim katupeleka kituo cha afya. Daktari kasema meno, kaandika dawa ya homa, kashamwita mgonjwa mwengine.

Nikainuka. Nikakaa tena. Kujisifu ndiko kulikonifikisha hapa, sasa nijisifu tena? Lakini hakuna wa kunisemea.

"Daktari, mwanangu namjua mie. Mie ndiye ninayemtazama, na natazama vizuri. Anakataa ziwa la kushoto tu, sikio lake la kulia likilalia mkono wangu."

Salim kanikodolea macho. Daktari kachukua kitaa chake, kamulika. Sikio limejaa usaha.

Alhamisi, 8 Januari
Dawa anatapika. Homa bado. Wadha kapiga simu chekechea, mahojiano yamesogezwa hadi Jumapili. Nauogopa ulimi wangu. Mamkwe kamshika Shamsa nioge. Nimeoga mbio.

Ijumaa, 9 Januari
Wanaume wamekwenda msikitini. Nyumba imetulia. Shamsa kanyonya kidogo, kasinzia ziwa li mdomoni.

Nimeandika hapa, polepole: natazama vizuri. Nikaweka kalamu, nikamgusa shingo. Imepoa. Nimengoja kidogo, nikamgusa tena. Bado imepoa.